Mashapo Hayajatulia

...na kama si wifi yake Marietha kuitikisa, saa hii ingekuwa imeshafunguliwa, imeshamiminwa, na watu wangekuwa wanapiga vigelegele huko sebuleni badala ya kukohoa kikohozi cha kusubiri, lakini Marietha bwana, mtu umemtuma chupa tu, aitoe stoo ailete jikoni, yeye kaikaba shingo kama anavyozikaba chupa zake za juisi ya ukwaju kule Temeke kabla ya kumpa mteja, kaitikisa juu chini, juu chini, kwa moyo mmoja na nia njema kabisa, huku anasema, "Ilikuwa imejitenga hii, wifi, utamu wote ulikuwa umekaa chini," na Tekla aliyekuwa ameinama anapanga glasi kwenye sinia akainuka mdomo wazi, akaipokea chupa tu, maana utamlaumu vipi mtu aliyefanya kazi yake vizuri, togwa unatikisa, ukwaju unatikisa, hata dawa ya kikohozi wameandika tikisa kabla ya kutumia, nani angemwambia Marietha kwamba divai iliyozaliwa mwaka mmoja na Noela, binti anayeposwa leo, haitikiswi, kwamba Tekla aliifukua kwenye mchanga wake wiki nzima kabla, akaisimamisha gizani nyuma ya gunia la mkaa ili mashapo yashuke taratibu yalale chini, kwamba wiki nzima alikuwa anapita hapo kwa kunyata kana kwamba kuna mtoto amelazwa... basi, maji yakimwagika hayazoleki, na sasa yuko hapa, mbele ya dirisha la jikoni kwake Boko, alasiri, jua limeegemea ukuta wa jirani, ameinua chupa usawa wa macho na anayatazama mashapo yakizunguka ndani, meusi, mazito, yanapanda yanashuka yanapanda tena, hayana habari kwamba kuna wageni, hayana habari kwamba kuna mtu anaolewa. "Wifi, vipi huko?" Marietha huyo, mlangoni, kitenge kimemkaa vizuri, uso wote tabasamu. "Nakuja," Tekla akasema, wala hakusogea.

Wageni wa watu wametoka Mbeya, wamelala kwa ndugu zao Kiwalani, wameamka wamevaa makoti na joto lote hili, na mshenga wao mzee mwenye sauti nene anaendelea kusema kwamba walikuwa wanapita zao barabarani wakaona ua zuri limechanua kwenye bustani ya watu, jamani kila mshenga nchi hii anapita barabarani akaona ua, hakuna hata mmoja aliyekwenda kwa makusudi... na Wilfred, shemeji yake, anamjibu kwa mbwembwe, anasema humu ndani maua ni mengi, mnataka lipi, watu wanacheka, na Wilfred anafurahia, acha afurahie, si mtu mbaya Wilfred, tangu msiba hajawahi kuwaacha, ada ya mwaka wa mwisho wa Noela alisaidia bila kuombwa, paa lilipovuja alipanda mwenyewe, ila leo, ee Mungu, leo ni yeye atakayeishika glasi, ndiyo desturi, kwao Muleba baba wa binti hushika pombe ya posa mkononi, akamwita binti asimame mbele ya watu, akamuuliza, mwanangu, ninywe? na binti akijibu kunywa, baba, neno limekwisha, amekubali, na akisema usinywe, wageni wanabeba mtungi wao wanarudi walikotoka na hakuna wa kumfuata kumgombeza, na baba kabla hajapeleka mdomoni lazima atanie, angalia, usije ukanitapisha kesho na keshokutwa, maana ndoa ikivunjika ile pombe inadaiwa, na Gozbert mumewe alikuwa amejiandaa kwa swali hilo tangu mtoto hajaota meno, na Gozbert amelala Muleba kati ya migomba ya baba yake, na swali limehamia kwa mdogo wake kama shati lililobaki.

Kwetu pombe wanaleta waoaji, alikuwa anasema Gozbert, lakini mie binti yangu nitamuuliza kwa divai ya mkono wangu, nshomile huyu, msomi wa Kihaya, mwalimu wa kemia asiyekubali kufanya kitu kama wenzake, na walikuwa Dodoma wakati ule, nyumba ya shule yenye bati lililolia mchana kutwa kwa jua, na nyuma yake kipande cha shamba ambacho kila mwalimu kabla yake alipanda mtama, yeye kapanda zabibu, watu wakacheka, Mhaya asiyejua hata jembe analishikaje, zikazaa, tena mara mbili kwa mwaka, wakaacha kucheka wakaanza kuomba... na mwaka ule wa Noela alizikamua mwenyewe kwa mikono kwenye ndoo, kainama uani, shati kavua, na ilikuwa mara ya kwanza Tekla kumwona mumewe anafanya kazi bila kuongea, viganja vikawa vya zambarau, havikutoka kwa sabuni wala kwa ndimu, akaenda navyo darasani akashika chaki, wanafunzi wakamwita mwalimu Maiti wiki nzima, na usiku alipomchukua Noela kumbembeleza alimwachia alama za vidole kwenye flana nyeupe, Tekla akafoka, oh, alifoka, flana ya ubatizo, na sasa angetoa nini kuipata ile flana, aliitupa wapi, aliitupa wakati wa kuhama, alidhani ni kitambaa cha kufutia. Na dumu la kioo lilikaa chumbani kwao kwa sababu ndipo palipokuwa na ubaridi, likawa linachemka peke yake usiku, blup, blup, mtoto akazoea kulala kwa mlio huo, na likinyamaza yeye ndiye anayeamka, na Gozbert akikaa kitandani na taa ya chemli anasema, Tekla, sikiliza, inazungumza, naye anamjibu, lala wewe, inazungumza nini, na chumba kizima kinanuka kama mkate na matunda yaliyoiva kupita kiasi, na alikuwa kijana, walikuwa vijana, Mungu wangu, walikuwa wadogo kuliko Noela alivyo leo na walijiona watu wazima.

"Wifi, nikusaidie kuifungua? Nna nguvu mie." "Hapana, acha. Nipe dakika." "Wageni wanaangaliana huko." "Waache waangaliane, si ndicho walichokuja kufanya?" na Marietha akacheka akaondoka, na Tekla akaigeuza chupa kidogo sana kuelekea kwenye mwanga, ni ile ya kijani, chupa ya divai ya misa, Gozbert aliziomba parokiani, akazichemsha, vizibo navyo akavichemsha, kisha akazifunga midomo kwa nta ya mishumaa ya Pasaka iliyobaki, nta ikachuruzika shingoni na alama ya dole gumba lake ipo bado, hapa, upande huu, ameipitisha kidole mara nyingi mpaka imekuwa laini. Na waliposafiri kuhamia Dar alikataa katakata zisipande juu ya basi, alizipakata mbili za Noela katikati ya magoti, zimefungwa kwenye kanga ya Tekla, utingo akauliza, mzee hiyo ni petroli? akajibu, ni binti yangu, na moja haikufika, Morogoro basi liligonga tuta na kizibo kikatoka, kanga ikalowa, basi zima likanuka, na badala ya kukasirika akainyonya ncha ya kanga mbele za watu akasema, bado changa, bado changa kabisa, hii nyingine tuipe muda... na hiyo nyingine ndiyo hii. Hapa Boko alipojenga, kabla hajaweka hata dirisha, alichimba shimo sakafuni stoo, akajaza mchanga, akailaza humo, na kila wiki anaumwagia mchanga maji ya baridi kwa kikombe, si mengi, unyevu tu, joto la Dar linaua, alisema, divai inataka kulala mahali ambapo wewe mwenyewe ungetamani kulala, na jirani aliyeingia siku moja kuazima koleo alimkuta amepiga magoti anamwagilia sakafu akadhani mzee ameanza kuchanganyikiwa.

Na angekuwepo, asingeruhusu yeyote aisogelee, alivyofanya siku ya harusi ya kijana wao Isack, ile ya Isack ilikuwa chupa moja na Gozbert alikuwa mzima wa afya, alivaa suti, akawasha mshumaa mchana kweupe watu wakashangaa, akaupachika nyuma ya shingo ya chupa, akamimina kwenye jagi polepole, mkono hautikisiki, pumzi kaibana, divai ya zamani haimiminwi, inabembelezwa, na ukishaanza kuinamisha usiinue, ukiinua umevuruga, na mwanga wa mshumaa ukawa unapita kwenye shingo ya chupa, mwekundu wa matofali, safi, mpaka kikatokea kiuzi cheusi na hapohapo akasimama, na wakaonja, mmoja wa wazee waliozoea bia akauliza ni kitu gani hiki kinanukia tumbaku na asali, na Gozbert akamtafuta kwa macho yeye Tekla kule alikokuwa amesimama na sinia la nyama, akamkonyeza, mzee mzima... Isack yuko hapo nje anawasha jenereta la watu wa muziki, naye amenunua waini ya dukani, iko kwenye friji nyuma ya samaki, imefungwa karatasi ya dhahabu, amemwambia asubuhi kwa upole, mama, ile ya mzee lazima ishakuwa siki, umri huo wote na joto hili, tusijiaibishe mbele ya wakwe, tuweke hii mezani na ile uitunze tu kama kumbukumbu, na yeye alimjibu tutaona, na tutaona yake ilikuwa ni karibu na ndiyo, kwa sababu moyo wake wenyewe ulikuwa unamwambia hivyo, ile itunze, ile ndiyo kitu cha mwisho ambacho mikono yake ilikifanya na hakijaisha, mashati yalikwisha, viatu alichukua Wilfred, harufu ilitoka kwenye mto muda mrefu, na humu ndani bado kuna mwaka mzima wa Dodoma, mvua yake, jua lake, viganja vya zambarau, na ukishang'oa kizibo unakunywa nusu saa watu wanapiga miayo, basi, umebaki na chupa tupu, unaweza kuweka mafuta ya taa.

Angeweza kuirudisha mchangani sasa hivi. Ndiyo, sasa hivi, stoo iko hapo, Marietha hayupo, waini ya Isack itoke kwenye friji, nani atajua, Wilfred atakunywa chochote kilicho baridi na atakisifia, na kusema kweli hilo ndilo linalomzuia, siyo siki, siyo wageni, ni Wilfred kuipeleka mdomoni na kusema, "Ahaa, safi sana!" kama anavyosema kwa kila kinywaji, ninywe mwanangu, kunywa baba mdogo, safi sana, imekwisha... na Noela asubuhi, anapigiwa pasi gauni lake, kakaa kitandani na rola kichwani kama alivyokuwa anakaa akisubiri kusukwa, "Mama, baba mdogo akiniuliza nitacheka, nakwambia. Au nitalia. Niulize wewe." "Mwanamke haulizi, Noela." "Nani kasema?" "Haijawahi kuulizwa na mwanamke." "Kwani baba aliwahi kuona wapi Mhaya anatengeneza waini?" na yeye akamwambia nyamaza, rola zitaanguka, akatoka chumbani kwa sababu alikuwa anataka kulia na hakutaka pasi imshuhudie, maana angemwambia nini mtoto, angemwambia mie baba yako hakuniachia neno? Wewe alikuachia chupa, Isack alimwachia saa na ushauri wa saa nzima kuhusu deni la benki, Wilfred alimwachia viatu na wosia wa kutunza migomba, na mimi niliyelala naye umri wote ule, mimi niliyefoka kwa ajili ya flana, mimi nilipata nini... pale hospitali, asubuhi ile, pumzi zake zimekuwa za kuvuta kwa kamba, Wilfred amekaa upande wa pili wa kitanda amemshika mkono, na yeye Tekla ameinamisha sikio mpaka mdomoni kwake, sema, mume wangu, sema neno, na alisema, alifumbua macho akasema wazi kabisa, "Mchanga umeulowesha?"

Mchanga! Alisema ndiyo, nimeulowesha, na ulikuwa uongo, hakuwa amerudi nyumbani tangu amlaze, na jioni yake ikawa hakuna wa kumwambia uongo tena, na hasira aliyoibeba Tekla tangu siku hiyo hajamwonyesha mtu, aliibeba kwenye mazishi chini ya kilemba cheusi, aliibeba kanisani, watu wakisema mama Isack jasiri, hakulia sana, hawakujua kwamba ilikuwa hasira, ndoa ya miaka yote hiyo, mtu anakwenda zake na neno lake la mwisho ni mchanga, siyo asante, siyo kwa heri Tekla, siyo hata jina... na bado kila wiki alikwenda stoo na kikombe, akapiga magoti na mguu huu mbovu, akamwaga, unyevu tu, si mengi, akimsema, haya basi, mchanga wako huo, umelowa, umeridhika? tena kwa sauti, tena akimweleza mambo mengine, Noela amepata kazi, bei ya mkaa imepanda, nimeota unanuka zabibu, wiki baada ya wiki, mpaka magoti yakaacha alama sakafuni... ngoja. Ngoja kidogo. Wilfred alikuwepo. Wilfred alikuwa upande wa kulia, karibu zaidi, kamshika mkono, mwanamume, ndugu wa damu, ndiye ambaye desturi inasema atauliza, na kama Gozbert alikuwa anataka chupa iende kwake, alikuwa na nafasi ya kusema, Wilfred, chupa, na hakusema, alitoa kichwa kwenye mto, anaona kabisa sasa, alikigeuza, ilimchukua muda, jasho lilimtoka kwa kukigeuza kichwa kile, akauacha uso wa ndugu yake akauleta upande huu, upande wake yeye, ndipo akasema. Hakuwa anauliza habari za mchanga. Alikuwa mwalimu yule, alikuwa akikabidhi kazi haagizi, anauliza swali, umesahihisha madaftari? umefunga maabara? na ukishajibu ndiyo, mwalimu, kazi imeshakuwa yako. Naye alijibu ndiyo. Mjinga wewe Tekla, alijisemea, na macho yakamjaa, chupa ikawa haionekani vizuri, kijani tu na weusi unaozunguka, mjinga wewe, alikukabidhi, mbele ya shahidi, na wewe ukakaa umenuna chini ya kilemba.

Na ikiwa siki? Basi iwe siki, na ikiwa na mashapo itanyweka na mashapo, Marietha kaitikisa kwa upendo, na upendo gani ulishawahi kufika mezani bila kutikiswatikiswa, atavumilia dakika hizi, na ikigoma kutulia ataimimina hivyohivyo, ataiweka mdomoni mbele ya watu wa Mbeya na makoti yao, na kama ni kali atakunja uso acheke, na waini ya Isack watanywa baadaye na samaki, na kumbukumbu, ah, kumbukumbu gani, kitu kilichowekwa kinywewe ukikifukia tena umekizika mara ya pili, na kuzika alikwishazika. Sebuleni Wilfred alikuwa amefika kunako, sauti yake imebadilika kuwa ya kanisani, "Sasa ndugu zangu, kwa kuwa marehemu kaka yangu hayupo, na mie ndiye niliyebaki, naomba binti aitwe, na kinywaji kikija nitamuuliza—"

"Shemeji Wilfred!" Hakugeuka dirishani, alipaza sauti tu, na haikutetemeka, mwenyewe alishangaa. "Nakuomba unisamehe mbele ya wageni. Kuuliza, nitauliza mie."

Hata mzee wa sauti nene akakosa ua la kuongezea, kisha Wilfred, polepole, "Wewe, shemeji?" "Mie. Alinikabidhi. Ulikuwepo." Mtu mmoja akaweka glasi mezani, na Wilfred akavuta pumzi kama mtu anayejaribu kukumbuka na amekumbuka, akasema kwa sauti ya chini, "Mchanga..." halafu akasema, "Haya, shemeji. Haya. Tunakusubiri." Kutoka chumbani kikaja kicheko cha Noela, au kilio, mtoto huyu tangu zamani havitofautishiki, na Marietha akachungulia jikoni macho yamemtoka, safari hii hata mlango hakuugusa.

"Wifi... kwani mie nimeiharibu?"

"Hujaiharibu. Njoo usimame hapa na mie."

Wakasimama wawili. Jua lilikuwa palepale ukutani kwa jirani, kizibuo kiko kwenye sinia, hakijaguswa, na ndani ya chupa mashapo yalikuwa bado yanapanda na kushuka, na Tekla aliyatazama bila haraka, na kwa mara ya kwanza tangu azike hakuwa na neno lolote analomdai Gozbert.